Jicho Lenye Baridi

Miaka kumi na mmoja niliwapapasa wanawake wa Baryeri Ndogo.
Kwapa, kilemba, mshipi wa kitenge, chini ya matiti.
Waliniita Mikono.
"Leo zamu ni ya Mikono," wangenong'ona, na nusu ya foleni
ikakumbuka ghafla kitu ilichosahau Birere.

Sasa nimekalia kiti. Mikono iko mapajani.
Mbele yangu kioo, na ndani ya kioo wanapita
watu wasio na nguo na wasio uchi:
hakuna ngozi, hakuna kovu,
joto tu, kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.
Mashine haimmuliki mtu. Haitoi chochote.
Inangoja, hatua sita mbali, na kuokota
kile ambacho mwili unakimwaga bila kujua,
mawimbi mafupi kuliko milimita.
Kitenge kwake, hata kiwe cha bei gani, hakipo.

Muhindo, fundi wake, alinieleza akitafuna karanga:
"Ndani ya pipa lile kuna baridi,
nyuzi mia mbili sitini na tisa chini ya sifuri.
Humo mna uzi mwembamba kuliko wa buibui,
na katika baridi hiyo umeme unaupita
bila ushuru, bila muhuri, bila 'mama, acha ya chai.'
Joto la mtu likiugusa, baryeri inashuka.
Hapo ndipo tunaona."

Nilicheka. Maisha yangu yote nimekaa mpakani
na sijaona mpaka uliovukwa bure.

"Uzi wa nini?"
"Niobi." Akafuta chumvi midomoni.
"Nduguye tantali. Hulala pamoja
katika mawe yale yale unayowanyang'anya."

Sikucheka tena.
Nilisikiliza pipa likihema, tiki-fuu, tiki-fuu,
kama mtu anayelala chumba kimoja na mdai wake.

Nimejifunza kusoma.
Simu ni kigae cheusi. Sambaza za barafu ni shimo kifuani.
Mtoto mgongoni haonekani kuwa mtoto:
joto lake na la mamaye ni moja,
mwili mmoja wenye vichwa viwili unakuja, unapita,
themanini kwa siku, na sijazoea.
Umeme wa mji ukikatika, jicho linashikwa na homa.
Kulipoza ni kutwa kucha.

Halafu Jumanne ile mvua iliteremka kutoka mlimani,
ikapiga mawe meusi hadi yakatoa moshi,
chukudu zikaachwa katikati ya njia,
na wanawake wakaingia wamelowa chapachapa.
Kioo kikajaa giza.
Kila kitenge kilikuwa ukuta.
"Maji," Muhindo akasema. "Yanayameza mawimbi yote."
Akagonga mashine, akaipuliza, akanitazama.
"Mikono, inuka."

Wa kwanza alikuwa Kavugho, muuza maharagwe.
Nilipomgusa akaruka.
"Yako imekuwa baridi, mama!"
"Ni ya kukaa," nikasema.

Kwapa. Kilemba. Mshipi.
Na pale, chini ya kitovu, kifuko,
labda vijiko vitatu vya mchanga,
lakini uzito ule hauhitaji macho.
Nyuma yake mshipa wa damu ulikuwa ukipiga, ukipiga.
Hakunitazama mimi. Alilitazama pipa,
kama mtu aliyeona jamaa upande wa pili wa mahakama.

Muhindo aliniambia baadaye tulivyoonekana:
mmoja mweusi kwa mvua,
mmoja mkavu, anang'aa,
na mikono yake imezama kwenye giza la mwenzake
hadi viwiko.

Nikaukaza mshipi wake. Fundo mbili.
"Pita, maharagwe yasiote."

Kisha nikafungua daftari,
na kwenye safu ya Kilichoonekana
nikaandika ilichosema mashine:
maji.